Daftari la Visima na Gundi ya Muhogo

Wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike niliyoyaona, na mimi sijawahi kukataa kuombwa. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala na nani. Hayo yamo kwenye faili langu, na faili langu limepangwa vizuri kwa sababu nililipanga mwenyewe. Nitaandika juu ya nakala. Wiki ya mwisho kabla sijakabidhi funguo nilimwona mmoja wenu akihamisha kazi zake kutoka kwenye kompyuta mpya ya ofisi kwenda kwenye diski. Aliandika tarehe juu ya diski kwa mwandiko wa kupendeza, kisha akaitia kwenye droo ya meza ile ile iliyobeba kompyuta. Nikamuuliza, nyumba ikiungua? Akacheka: "Mzee, ofisi haiungui kila siku." Akaniambia kwamba hata diski ya nyumbani kwake anaihifadhi hivyo hivyo. Sikumgombeza. Mimi nilifanya vibaya kuliko yeye, tena nikiwa na stashahada.

Mimi ni mtoto wa mkata mkonge wa Mazinde. Baba alikata mkonge hadi mgongo ulipomkatalia, na hakuna mjomba wala shemeji aliyenishika mkono. Miaka michache baada ya Uhuru walitafutwa vijana wa kwenda ng'ambo kujifunza utunzaji wa kumbukumbu, na jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Wapo watakaowaambia lilikuwa la tatu. Wao hawakuwemo kabisa. Nilikaa miaka miwili katika nchi ambayo maji huganda barabarani, nikarudi na stashahada, suti mbili, na mashine ya chapa niliyoipakata magotini njia nzima. Wawili katika wenzangu walibaki huko huko. Mimi nilirudi, na nilitaka watu wajue kwamba nimerudi.

Nilipangiwa Handeni, kwenye ofisi iliyoshughulikia maji. Basi la kutoka Korogwe lilinishusha nikiwa mwekundu kwa vumbi toka kola hadi viatu. Masijala ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la mbao, na ndani yake alikuwamo Mzee Mhina, karani aliyeanza kazi kwa kupeleka barua kwa miguu. Alikuwa amesoma hadi darasa la nne. Nilimwamkia, akaitikia, akaniangalia nikitundika ukutani stashahada yangu iliyokuwa ndani ya fremu.

"Ukuta huo una mchwa, mwanangu," alisema.

"Ina kioo, mzee."

"Mchwa hawaingii kwa mbele."

Nilimwona mtu wa zamani. Nilimwambia kwamba nitampa miezi sita ya kujifunza mfumo mpya. Akasema ahsante.

Kazi kubwa ya chumba kile ilikuwa Daftari la Visima. Wageni wa Handeni huona ukavu juu ya ardhi, hawajui kwamba ukavu wa chini ndio wenye hila. Unaweza kutoboa mashimo matatu ndani ya eneo la shamba moja, moja likatoa maji matamu, la pili likatoa chumvi, na la tatu lisitoe kitu. Kila shimo lililochimbwa kwa mtambo, tangu enzi za wakoloni, liliandikwa katika daftari lile: mahali, kina, aina ya mwamba, maji yalikuja kiasi gani, na ladha yake baada ya kusukumwa kwa pampu siku tatu mfululizo. Siku tatu hizo zilikuwa na sababu. Yapo maji yanayotoka matamu mwanzoni, kisha chumvi ya chini ikayafuata. Shimo likifunikwa kwa zege na majani yakaota, ni daftari peke yake linalokumbuka.

Mzee Mhina alikuwa na utaratibu wake ambao haukuandikwa kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kila kisima kilipopimwa, alinakili ukurasa wake kwa mkono, akaupeleka kwa mtu anayekaa jirani na kisima hicho. Aliuita ukurasa wa mwenyeji. Kila Januari alizunguka, akaomba ukurasa utolewe, akausoma kwa sauti mbele ya wenyeji huku akilinganisha na daftari lake. Nilifuatana naye mara moja. Katika nyika ya wafugaji tulifika kwa mzee mmoja aitwaye Lemomo, aliyehifadhi ukurasa wake ndani ya bomba la ngozi ya ng'ombe. Ulinuka samli. Mzee Mhina akasoma kutoka kwenye daftari, na Lemomo, asiyejua kusoma, akamkatiza.

"Hapo umeruka. Mwaka jana ulisema maji haya ndama wachanga wasinyweshwe."

Mzee Mhina akatazama ukurasa, akatazama daftari. Kweli, wakati wa kuhamishia daftari jipya alikuwa ameuacha mstari huo. Akauandika pale pale, akamshukuru. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na suti yangu, nikiwaza kwamba kumbukumbu za serikali zinanuka samli.

Mzee Mhina alipostaafu, akahamia Kilole mjini Korogwe kwa binti yake, funguo zikabaki kwangu, na jambo la kwanza nililofanya ni kusimamisha kurasa za wenyeji. Niliandika waraka mzuri kuhusu jambo hilo. Mahali pake niliweka mfumo wangu. Nilichapa daftari zima upya kwa mashine, karatasi ya kaboni katikati, nakala ikatoka safi. Daftari likabaki Handeni. Nakala niliijalidi kwa mikono yangu, jalada gumu, uti wa kitambaa, herufi za wino mweusi mgongoni, ikapelekwa kwenye kabati la chuma katika stoo iliyokuwa Korogwe. Kila ukurasa mpya ulipoandikwa, nilikwenda Korogwe mwenyewe kuubandika. Maofisa waliopita walikuja kuitazama. Sijaona mpaka leo kitabu kilichojalidiwa vizuri kama kile katika wilaya zile mbili.

Sasa kuhusu gundi. Chuoni tulifundishwa kupika gundi ya unga wa ngano na kutia mrututu ndani yake, ule wa buluu, kwa sababu ni sumu kwa wadudu. Ngano haikupatikana, nikatumia unga wa muhogo. Mrututu nao haukupatikana. Niliuagiza, nikasubiri, nikachoka kusubiri. Niliuacha. Mzee Mhina alikuwa amekuja kunisalimu siku niliyokuwa nikipaka gundi ile kwenye uti wa kitabu. Alichovya kidole, akaonja.

"Hiki ni chakula," alisema.

"Ni gundi, mzee."

"Mwanangu, hata mimi nimekipenda."

Nilicheka. Nilipenda kuisimulia kama kichekesho.

Kila mwisho wa mwaka mtunza stoo wa Korogwe aliniandikia: nakala ipo, salama. Baada ya ukurasa wa mwisho kubandikwa, miaka kadhaa ilipita bila kuchimbwa kisima kipya, maana mtambo uliharibika na vipuri havikuja. Mimi mwenyewe nilipita Korogwe mara nyingi katika miaka hiyo. Niliingia stoo, nikagonga kabati kwa vidole, likalia vizuri, nikaenda zangu kula wali kwa samaki. Sikulifungua.

Ukurasa huo wa mwisho ulihusu mahali paitwapo Kwedimsaka, palipochimbwa mashimo matatu. Yote matatu yalipimwa, yakafunikwa kwa zege yakisubiri pampu ambayo haikuletwa. Niliuchapa mimi. Hakuna mwenyeji aliyepewa.

Kisha ukaja wakati wa watu kuhamia vijijini. Mnaoijua habari hiyo kwa kusoma, ijueni hivi: watu waliokuwa wametawanyika kila mmoja na shamba lake walitakiwa wakae pamoja, na mahali pa kukaa palichaguliwa kwa haraka, kabla ya mvua. Ofisa aliyesimamia upande wetu alikuwa kijana mwenye nia njema na ramani mpya. Alikuja masijala akaitandaza mezani.

"Ndugu Karani, Kwedimsaka tunaleta kaya zaidi ya mia. Nionyeshe kisima cha kuaminika, nijue nyumba zianzie wapi."

Daftari lenyewe lilikuwa limekwisha. Wiki mbili nyuma wapimaji waliliazima, lori lao likapinduka mtoni, na kilichorudi masijala kilikuwa donge la karatasi lililojaa matope. Sikuwa na wasiwasi. Nilimwambia ofisa, na nakumbuka nilivyosimama, mkono mmoja mfukoni: "Kwa mfumo wangu hakuna kinachopotea. Nakala iko Korogwe. Nipe siku mbili."

Mtunza stoo alinipokea kwa heshima. Akafungua kufuli, akafungua mlango wa kabati. Kitabu kilikuwa mahali pake, jalada lake gumu likiwa na herufi zangu mgongoni. Nilikishika, kikawa chepesi. Jalada lilibaki mkononi, na vilivyokuwa ndani vikamwagika sakafuni kama pumba. Mende walikimbilia pembeni. Walikuwa wameanza na uti, penye gundi, wakafuata kila ukurasa hadi gundi ilipoishia, na mchwa waliopenya kwa nyuma kwenye tundu la msumari wakamaliza zilizobaki. Vilikuwapo vipande vya ukubwa wa kiganja. Kimoja kilisomeka: siku ya tatu.

"Kufuli halijaguswa, mzee," mtunza stoo alisema. "Kila mwaka nalikagua."

Nilimtukana. Alikuwa amefanya kile nilichokuwa nikikifanya mimi kila nilipopita pale.

Nilikwenda Kilole kwa Mzee Mhina. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, akisuka ukili. Nilimweleza. Hakuniambia lolote kuhusu gundi, na hilo sikulitegemea.

"Kwedimsaka ukurasa ana nani?" aliuliza.

"Hakuna aliyepewa. Nilikuwa nimesimamisha."

Aliendelea kusuka. Baadaye akasema, "Basi tafuta aliyekuwapo wakati wanapima. Wachimbaji hawali mawe. Yupo aliyewapikia."

Nilirudi kwa ofisa nikamwambia nakala imeharibika kidogo, kuna sehemu hazisomeki. Maneno hayo, imeharibika kidogo, nimeyakumbuka zaidi ya maneno yoyote niliyosoma chuoni. Tukaenda Kwedimsaka wote. Mashimo yalikuwapo matatu: moja kilimani, ambalo kila mtu alikubali kwamba halina maji ya kutosha, la pili bondeni, mbali, ndani ya vichaka, na la tatu kando ya barabara, mahali tambarare panapofikika kwa lori. Ofisa alilipenda hilo la barabarani kabla hajashuka garini. Niliyoyakumbuka mimi ni haya tu: kwamba moja kati ya hayo mawili ya mwisho niliandika limebadilika siku ya tatu. Lipi, sikukumbuka.

Wenyeji walikuwa wamekusanyika. Akatoka mama mmoja, Mama Mwanaidi, mkulima wa hapo, aliyejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyeacha kazi shambani.

"Hiki cha barabarani msikiamini, wanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyewapikia wachimbaji. Siku mbili kilitoa maji kama asali. Siku ya tatu nikapika chai, maziwa yakakatika. Nikatia maziwa mengine, yakakatika. Nikasema nimeuziwa maziwa mabovu, nikamtukana Lemomo wa watu bure. Kumbe maji."

Watu wakacheka. Ofisa akanigeukia. "Ndugu Karani, daftari linasemaje?"

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningeweza kusema: daftari halipo, nakala haipo, na huyu mama ndiye nakala iliyobaki. Nilikuwa nimevaa suti.

"Mama," nikasema, "hayo ni maneno ya jikoni. Serikali inakwenda na maandishi."

"Haya," akasema Mama Mwanaidi, akanyoosha mkono. "Yalete hayo maandishi."

Watu walicheka tena, safari hii walinicheka mimi. Nikaona haya, na aibu yangu ikatoka kama hasira. Nikasema tusipoteze muda, kifunguliwe, tuonje. Zege likavunjwa, kopo likashushwa kwa kamba, likapanda na maji. Ofisa akanywa. Nikanywa. Yalikuwa matamu, baridi, maji mazuri kuliko yote niliyowahi kuyaonja Handeni.

"Basi," akasema ofisa. Nami ninayejua maana ya siku ya tatu, ninayejua kwamba maji ya kopo la kwanza hayasemi kitu, nikanyamaza.

Kaya zilihamia. Pampu ilikuja, ikafungwa. Watu wengi wakichota kutwa, kisima kile kilifanya kama kilivyofanya mara ya kwanza, ila kilichukua wiki kadhaa. Kwanza chai. Kisha sabuni ikakataa kutoa povu, kisha watoto wakaanza kuharisha, kisha mbuzi wakageuza vichwa. Wanawake wakarudia kwenda kuchota kwenye dimbwi la zamani, mwendo wa asubuhi nzima kwenda na kurudi. Mkwe wa Mama Mwanaidi alikuwa mja mzito. Alishikwa na uchungu njiani, ndoo ikiwa kichwani, akajifungua chini ya kivuli cha wenzake waliosimama kumzunguka kwa kanga. Yeye alipona. Mtoto hakuishi.

Niliipata habari hiyo masijala, kutoka kwa mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine akaitaja kama inavyotajwa mvua. Alipoondoka nilifunga mlango. Siku iliyofuata nilikwenda kwa ofisa nikamweleza yote, kuanzia gundi. Akasema angenifukuza kama si kwamba yeye ndiye aliyesema basi. Tukaomba pampu ihamishiwe kisima cha bondeni. Safari hii sikumwachia mtu. Nililala Kwedimsaka kwenye hema la mafundi siku zote tatu za kupima, nikaonja kila saa na kuandika kwa mkono wangu, na kila asubuhi nikapeleka kikombe cha maji kwa Mama Mwanaidi apikie chai. Alikipokea bila kunitazama, akapika, akatazama maziwa, akatikisa kichwa kukubali. Siku ya tatu maziwa yalikaa bila kukatika.

Wenzangu, mnaweza kuniuliza basi nakala ziwe ngapi. Mimi nasema tatu, na mojawapo ilale nyumba nyingine, ikiwezekana mji mwingine, kwa mtu mwenye sababu yake mwenyewe ya kuitunza. Lakini hesabu si kitu. Nilikuwa na daftari na nakala yake, miji miwili, kufuli mbili, na siku ya haja sikuwa na hata ukurasa mmoja. Nakala ambayo haijafunguliwa na kusomwa mwaka huu ni tumaini tu, msiiite nakala. Diski yako itie kwenye mashine nyingine, si ile iliyoiandika, ufungue faili, usome hadi mstari wa mwisho. Na anayekuambia ipo, salama, muulize imesema nini.

Nilizirudisha kurasa za wenyeji. Ilinichukua miaka, kisima kwa kisima, kwa kukusanya zile za Mzee Mhina zilizokuwa bado ndani ya makasha na mabomba ya ngozi. Katika mamia ya kurasa alizogawa yule mzee wa darasa la nne, nilizozikosa hazikujaza bahasha. Daftari la Visima mnalolitumia leo limetoka humo. Nawaambia kwa fahari kwamba niliandika kila herufi, na nawaambia pia zilikotoka.

Ukurasa wa kwanza niliouandika upya ulikuwa wa Kwedimsaka. Nilikwenda nao bila suti. Watu walikaa chini mbele ya nyumba mpya ambazo zingine zilikuwa bado hazijakandikwa udongo, na Mama Mwanaidi akakaa mbele, mkwe wake kando yake. Nikasimama nikasoma: kisima cha kilimani, maji machache. Kisima cha barabarani, matamu siku mbili, chumvi siku ya tatu, kisitumike kwa watu, kwa ushahidi wa Mama Mwanaidi aliyekuwapo. Kisima cha bondeni, matamu siku zote. Nilipomaliza nikamnyooshea ukurasa.

Hakuupokea.

"Hapo penye jina langu," alisema, "soma tena. Polepole. Siku ile ulikuwa na haraka."

Nikasoma tena.

"Huyu mkwe wangu hakuwapo wakati wanapima," akasema. "Msomee na yeye."

Yule msichana aliinua macho akanitazama. Nikauinamisha ukurasa upande wake, nikaanza tangu mwanzo.